Namna ya Kumpima Beki wa Pembeni

Watu wengi wakitaka kumpima beki wa pembeni humtazama mpira ukiwa miguuni mwa winga aliye mbele yake. Hapo kila mtu ana macho. Hata muuza njugu pale jukwaani atakwambia kama beki amepitwa au hajapitwa, na atakwambia bila kuulizwa.

Kazi yangu mimi ni kumtazama mpira ukiwa mbali naye. Mpira uko upande wa kushoto, uwanja mzima umegeuza shingo huko, na beki wa kulia amebaki peke yake karibu na mstari. Hana anayemtazama ila mshika kibendera na mimi. Anafanya nini wakati huo? Kuna anayeweka mikono kiunoni akapumzika. Kuna anayeukodolea macho mpira mpaka akamsahau mtu wake, halafu krosi ikija anashtukia winga yuko nyuma ya mgongo wake anaruka kupiga kichwa. Na kuna yule, ambaye ni nadra sana, anayeingia ndani kidogo kuziba njia ya pasi, anageuza kichwa kutazama nyuma, anarudi kuutazama mpira, anageuza tena, kama mama anayesonga ugali huku mtoto anatambaa karibu na jiko. Huyo ndiye ninayemtafuta. Ukimpata, mechi nzima inaweza kwisha asitajwe na mtangazaji hata mara moja, nawe unaenda nyumbani ukijua umeona beki.

Nilicheza nafasi hiyo mwenyewe enzi zangu, nikiwa na magoti. Ni nafasi ya upweke. Kipa ana mabeki wa kati wa kuwapigia kelele. Viungo wanazungukwa na watu mpaka wanakosa hewa. Mshambuliaji akifunga analaliwa na timu nzima. Beki wa pembeni ana mstari wa chokaa, na mashabiki walio karibu naye kiasi kwamba anasikia wanavyomtukana. Labda ndiyo sababu nilipoacha kucheza sikuweza kujifunza kazi nyingine ya mpira. Hawa ndio watu ninaowaelewa.

Klabu yetu iko kwenye ligi na nyumbani kwake ni mjini Kisii. Kila mwaka kabla ya msimu huja vijana wa majaribio, na wale wa pembeni huwekwa mikononi mwangu. Kocha mkuu ametoka kaunti ya jirani, kule ziwani. Amekaa Kisii miaka mingi bila kujifunza Ekegusii zaidi ya salamu na bei ya ndizi. Tunaongea Kiswahili, yeye cha kwao na mimi cha kwetu, na tunaelewana vizuri kuliko watu wengi waliozaliwa nyumba moja. Yeye ndiye huamua. Mimi huulizwa, na mara nyingi husikilizwa.

Sasa niseme juu ya chumba, maana bila chumba mambo haya hayaeleweki.

Mke wangu alifariki, na binti zetu wawili wameolewa, mmoja Eldoret na mwingine mbali zaidi, ng'ambo, ambako akinipigia simu asubuhi yangu ni jioni yake na kila mmoja wetu ana haraka. Naishi Kiogoro katika nyumba tuliyoijenga kwa ajili ya watu wengi. Hadi leo nikipika ugali unazidi. Redio nimeiacha ikiongea tangu mazishi, na nadhani majirani wanafikiri nina wageni.

Chumba ninachokitaja ni kile cha kubadilishia nguo pale uwanjani. Si chumba cha kusifiwa. Kuna milango miwili, wa mbele na wa nyuma, benchi kuzunguka ukuta, misumari ya kutundikia nguo, bafu tatu ambazo moja haitoi maji, na bomba linalovuja kwenye pembe iliyo nyuma ya mlango wa mbele. Kunanuka dawa ya kuchua na soksi zilizolowa. Juu ni mabati, na mvua ya Kisii ikianza alasiri inabidi watu wapaze sauti. Mimi nilikuwa na kreti ya soda niliyoipindua chini ya dirisha. Hapo ndipo nilipokaa baada ya kila mazoezi, chupa yangu ya chai miguuni, nikisikiliza.

Nilikuwa nikitaniwa mno. "Mzee," mmoja angesema, "enzi zenu mpira ulishonwa kwa ngozi ya ng'ombe gani?" Nami ningejibu, "Ng'ombe aliyekuwa na akili kukuzidi." Wangecheka, wangenirushia ndizi, wangeanza hadithi za wasichana ambazo mtu wa rika langu hapaswi kuzisikia. Nami ningejifanya naangalia kamba za viatu vyangu huku nimetega sikio. Walinichagulia hata mchumba, mjane anayeuza nguo kule sokoni, wakapanga mpaka rangi ya suti. Sioni haya kusema kwamba nilikuwa nikienda kazini kwa ajili ya chumba kile kuliko uwanja. Mpira ningeweza kuutazama popote. Kelele ile sikuwa naipata mahali pengine.

Mwaka jana kabla ya ligi kuanza walikuja vijana watatu kugombea nafasi moja ya beki wa kulia. Mmoja alichoka siku ya kwanza akarudi kwao. Wa pili alitoka Ogembo, mfupi, mwenye mapaja ya mwendesha baiskeli na mbio za kutisha. Wa tatu alikuwa mrefu kiasi, mwembamba, mtulivu. Siku hiyo ya kwanza nilimwona kwa mbali tu, sikumtazama usoni mpaka alipoingia mle chumbani na begi begani, wengine wakivua jezi, mmoja tayari yuko uchi akielekea bafuni, nami niko kwenye kreti yangu na kikombe mdomoni.

Alikuwa mtoto wa marehemu ndugu yangu.

Sikuambiwa kuwa anakuja. Shemeji yangu kule Sironga alikuwa amemkataza asiniambie, isije ikasemwa kwamba amebebwa na baba yake. Ninasema baba kwa sababu kwetu mtoto wa ndugu yako ni mwanao, na anakuita tata bila kuongeza neno. Mimi sina mtoto wa kiume mwingine. Siku nikifa, yeye ndiye atakayesimama mbele ya watu.

Na kwa sababu ni mwanangu, hatuwezi kuwa chumba kimoja cha namna ile. Haya ni mambo tunayoyaita chinsoni, na sitaki kuyafanya makubwa kuliko yalivyo. Ni heshima tu, na ni haya. Tangu kijana atoke jandoni, yeye na baba yake hupeana nafasi. Baba haingii nyumba anayolala mwanawe. Mwana hakai kitandani kwa baba. Hawaoni miili yao, na hawasikii pamoja maneno ya chumbani, hata kwa mzaha. Hakuna anayekufundisha hayo kwa fimbo. Unakua ukiyajua kama unavyojua njia ya kisimani.

Tuliangaliana kwa muda mfupi tu. Mimi niliinuka, nikachukua chupa yangu, nikatoka kwa mlango wa mbele. Nilisema nimeacha kitu kwenye gari la vifaa. Sikugeuka kumtazama yeye amefanya nini.

Tangu siku hiyo sikuingia tena. Mazoezi yakiisha nilikaa nje, kwenye ngazi ya saruji upande wa mbele, chini ya ukingo wa mabati, nikinywa chai yangu na kutazama ng'ombe wa mtu wakila nyasi nyuma ya goli. Nilijua ni mambo ya majaribio, yataisha. Kijana wa watu anahitaji kuoga, anahitaji kukaa na wenzake wamzoee. Nikajiambia kwamba kumpisha ndiyo zawadi pekee ninayoweza kumpa bila kumpendelea. Wachezaji waliponiuliza nilisema chumba kimekuwa na joto. Joto, Kisii, na mvua ile. Waliniangalia tu.

Uwanjani kulikuwa na shida yake. Beki wa pembeni hufundishwa kwa mikono. Namshika kijana kiuno, namgeuza aone uwanja wote, nampiga gotini kidogo ashuke. Yule wa Ogembo nilimshika hivyo bila kufikiri. Mwanangu sikuweza kumshika kiuno. Nilisimama mbali nikamwambia kwa maneno, naye akaitikia akiwa ametazama chini, "Ee, tata," kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyeisikia ila mimi. Kocha akiwa ng'ambo ya uwanja aliona nimesimama mbali na huyu na karibu na yule. Bila shaka aliyaweka moyoni.

Lakini macho yangu hayakuwa na haya. Yalimwona. Mpira ukiwa upande wa pili, yule wa Ogembo alikuwa akiruka-ruka kujipasha moto, akisubiri zamu yake. Pasi ikija alikuwa amechelewa hatua moja, na kwa kuwa ana mbio aliifidia hatua hiyo, akateleza kwa makalio, akaondoa mpira na nusu ya majani, watu wakapiga makofi. Watu hupenda beki anayechafuka. Hawajiulizi kwa nini imebidi achafuke.

Mwanangu hakuchafuka. Aliingia ndani, akageuza kichwa, akarudi, akageuza. Akisikia kipa anaita, alikwisha kuwa pale anapoitwa. Pasi zilizopaswa kupita upande wake hazikupigwa, kwa sababu mpigaji aliinua kichwa akaona njia imezibwa akatafuta kwingine. Katika mechi ya mwisho ya majaribio, tulipocheza sisi kwa sisi, winga wetu mzuri kuliko wote aliwekwa upande wake. Kipindi cha pili kikiwa bado kichanga winga yule alivuka uwanja kimyakimya akaenda kucheza kushoto, na hakuna aliyemtuma. Kati ya watu waliokuwa jukwaani siku ile, nadhani ni mimi peke yangu niliyeona. Ndugu yangu hakuwahi kucheza mpira. Alikuwa mtu wa majani chai na kanisa la Sabato, na alikuwa akinicheka kwamba nafukuzana na upepo. Nilitamani angekuwepo acheke tena.

Mechi ilipokwisha kocha alikuja akaketi kando yangu kwenye jukwaa. Mvua ilikuwa inakusanyika upande wa Nyamira. Alikuwa amevaa koti lake la plastiki tayari, maana baada ya miaka yote hiyo bado anaogopa mvua yetu.

"Omera," akasema. Ndivyo watu wa kwao huitana. "Nimeamua. Nachukua wa Ogembo."

Nikamuuliza kwa nini.

"Yule mwingine mpira anajua, sikatai. Pengine anajua kumshinda. Lakini hakai na watu. Umeona? Anakuja amevaa jezi tayari kutoka kwao. Tukimaliza, haingii ndani. Haogi. Anachukua begi, anazunguka nyuma ya chumba, anakaa kule peke yake kwa ngazi za stoo mpaka wenzake wamalize, halafu anaenda stendi na matope yake. Wiki nzima hivyo. Wenzake wanauliza kama anawaona wachafu. Beki hawezi kuwa hivyo. Beki asiyeongea na watu atanifungisha magoli."

Nilikuwa nikiitazama picha aliyoniwekea mbele. Mimi kwenye ngazi ya mbele na chai yangu, nikidhani nimempa chumba. Yeye kwenye ngazi ya nyuma na matope yake, akidhani amenipa mimi. Katikati yetu ukuta wa matofali, na ndani ya ukuta watu wanacheka. Siku ile alipoingia akaniona, bila shaka alitoka kwa mlango wa nyuma wakati uleule nilipotoka kwa wa mbele. Wala hakuna aliyerudi kuchungulia, kwa sababu kuchungulia ndiyo jambo lenyewe lisilofanywa.

Kocha alidhani kimya changu ni kukubali. "Hata wewe," akasema, "mbona hukai naye karibu? Nimeona. Wa Ogembo unamshika, unamfundisha. Huyu unamwacha. Nikajua na wewe hujampenda."

Hapo nilihitaji kunyamaza tu. Naieleza hali hiyo vile ilivyokuwa, kwa sababu ilikuwa rahisi mno. Nisingesema uongo hata mmoja. Wa Ogembo angesajiliwa, ni kijana mzuri, hakuna ambaye angedhulumiwa hadharani. Mwanangu angerudi Sironga akachume chai na kujaribu klabu nyingine. Na mimi kesho yake ningechukua chupa yangu nikaingia ndani, kreti ikanisubiri chini ya dirisha, mtu akaniuliza mjane wa sokoni amesemaje. Nilikuwa nimekaa nje siku chache tu na tayari nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nikifika nyumbani Kiogoro bila kicheko hata kimoja cha kuingia nacho. Nilitaka chumba changu. Nilikitaka kama mtoto anavyotaka kitu.

Nikasema, "Yule ni mwanangu."

Kocha akanigeukia.

"Ni mtoto wa ndugu yangu aliyefariki. Kwetu ni mwanangu. Haingii ndani kwa sababu anafikiri mimi niko ndani. Mimi nami siingii kwa sababu nilifikiri yeye yuko ndani."

Ilibidi nimweleze mara mbili. Mara ya kwanza alicheka, si kwa ubaya. "Nyinyi watu," akasema. "Kwa hivyo kwa siku zote hizi nyumba ina milango miwili na nyinyi mko nje yote miwili." Mara ya pili hakucheka. Alikaa akichezea zipu ya koti lake, halafu akaniuliza swali ambalo kocha yeyote mwenye akili angeuliza.

"Sasa nitajuaje kama hunisifii damu yako?"

"Mimi sijakusifia. Muulize winga wako alikwenda kufanya nini kushoto kipindi cha pili."

Alifikiri. Nikamwona akiirudisha mechi kichwani, akiitafuta ile nafasi ya kulia ambako hakukuwa na jambo lolote la kukumbuka. Mvua ikaanza matone makubwa kwenye koti lake, na hakuinuka.

"Hakukuwa na kitu kule," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Basi tupange," akasema. "Yeye aoge kwanza, halafu wewe uingie. Mpishane."

Nikamwambia haifai. Kinachonitoa si maji ya kuoga tu, ni maneno. Wale vijana wakikaa pamoja wana hadithi zao, na kijana hawezi kuzisikia wala kuzitoa baba yake akiwa kwenye kreti. Angekaa mle kama mtu aliyemeza jiwe. Na beki mgeni asipopata nafasi ya kucheka na wenzake, siku atakapokosea hakuna atakayemfunika. "Chumba ni chake," nikasema. "Mimi nimeshakikalia vya kutosha."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Kuna ngazi pale mbele."

Hakunipa mkono wala pole. Alisema tu, "Haya, Mzee," akashuka jukwaani. Kesho yake mwanangu alisajiliwa.

Nilidhani najua ninachokitoa. Sikujua. Habari ilipoenea kwamba kijana mgeni ni mwanangu, vijana wa hapa wote, ambao ni rika lake, wakawa wanangu pia. Ndivyo ilivyo. Anayekaa na mwanangu kama ndugu hawezi kunitania mimi kama mwenzake. Siku moja walikuwa wakiniuliza habari za mjane, siku ya pili walikuwa wakinipisha njia na kunisalimu kwa kichwa kilichoinama. "Tata, tukubebee mfuko?" Wale waliotoka kwingine, hata wa Nairobi wanaoongea Sheng mchana kutwa, wakaona wenzao wamebadilika nao wakabadilika. Mmoja tu alijaribu siku moja. "Buda, ule mpira wa ngozi..." Wenzake wakamtazama. Akamalizia, "...samahani, Mzee." Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Nilirudi nalo nyumbani.

Hakuna aliyenikosea. Walinipa heshima yote ambayo mtu wa umri wangu anatamani, na sijawahi kuwa mpweke vile, hata mwaka ule wa mazishi, maana wakati huo angalau watu walijua nimefiwa. Jioni nilipika ugali ukazidi. Niliongeza sauti ya redio. Binti yangu wa Eldoret aliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu iko chini, nikamwambia ni mtandao.

Mwanangu alicheza. Sitasimulia mechi zake, kwa sababu beki wa namna yake akifanya kazi vizuri hakuna cha kusimulia. Magazeti hayakumtaja. Mashabiki walipoulizwa beki wao wa kulia ni nani walikuna vichwa. Mimi nilikuwa namwona kila mpira unapokwenda kushoto, anageuza kichwa, anarudi, anageuza, na nilijua sikukosea.

Kitu kimoja nilikiona polepole mno, kwa mtu anayejidai ana macho. Zamani mlango wa mbele wa chumba ulikuwa unafungwa mara tu wachezaji wote wanapoingia, kwa sababu ya baridi. Sasa ulikuwa unaachwa wazi kidogo, kiasi cha kupitisha mkono. Mara ya kwanza nilidhani ni upepo, nikaufunga mwenyewe kwa fimbo ya mwavuli bila kuangalia ndani. Ukafunguliwa tena. Mara ya pili nikaufunga, ukafunguliwa. Nikadhani labda kitasa kimeharibika.

Halafu ikawa ile mechi ya nyumbani tuliyotoka sare kwenye tope. Mvua iligonga mabati mpaka nikawa sisikii mawazo yangu. Nilikuwa kwenye ngazi yangu, chai imepoa kikombeni. Mlango uko wazi kidogo. Nikainuka niufunge, wasishikwe na homa. Kocha alikuwa anatoka, akanishika mkono.

"Uache," akasema. "Ni kijana wako. Amesema uwe hivyo kila siku."

"Kwa nini?"

"Anasema ukiwa hapo kwa ngazi, maneno hayafiki. Sauti inafika."

Nikasimama nikasikiliza. Ilikuwa kweli. Kwa umbali ule na kwa mabati yale hukuweza kushika neno hata moja, zuri wala baya. Ulisikia tu watu. Ulisikia benchi likiburutwa, mtu akidai taulo yake, kumi na zaidi wakiongea wote kwa wakati mmoja kuhusu jambo ambalo lazima lilikuwa la kipumbavu.

"Na yeye anakaa wapi?" nikamuuliza kocha. Niliogopa. Mlango ulio wazi unaonyesha ndani.

"Nyuma ya mlango. Kwa ile pembe bomba linavuja. Analowa kila siku. Tumemwambia ahame, amekataa, na wenzake amewasogeza wote upande ule, hataki hata mmoja avulie mbele ya mlango. Mimi nilidhani ni mambo ya kanisa."

Niliangalia, kwa mara ya kwanza tangu nitoke mle. Katika nafasi ile nyembamba ulionekana ukuta unaoukabili mlango na misumari isiyo na nguo, na chini ya dirisha kreti yangu, imepinduliwa vilevile, hakuna aliyeikalia. Hakuonekana mtu hata mmoja. Alikuwa ameipima nafasi, akaiziba, akasimama pale ambapo hakuna mtu angemtazama.

Kocha akafungua mwavuli akaenda kwenye gari. Mimi nilirudi kwenye ngazi. Nilimwaga ile chai iliyopoa, nikamimina nyingine, nikashika kikombe kwa mikono miwili. Ndani mtu alisema jambo, na chumba kizima kikalipuka kwa kicheko, na katikati ya vicheko vyote nilikisikia kimoja kinachoanza kwa kuchelewa na kuisha cha mwisho, kama alivyokuwa akicheka ndugu yangu akinicheka mimi.

Sikujua wanacheka nini. Nikacheka nao.